Nilizima Wakati wa Majina

Nilizima rekoda. Wazee saba walikuwa wamesimama mbele yangu chini ya mwembe, karibu na stesheni ya gari moshi hapa Taveta, wakitaja majina ya watu wao, nami nikanyoosha kidole nikazima. Sikufanya hivyo mara moja. Nilifanya mara 11, Jumamosi 11 mfululizo, mwaka 1989. Hakuna aliyenituma. Nilijua ninachokifanya, na nilikiona kitendo cha busara.

Nakueleza wewe msomaji kwa sababu huenda una babu au bibi nyumbani, na una simu inayoweza kunasa sauti yake kutwa nzima bila kukugharimu chochote. Mimi nilikuwa na kaseti za dakika 60 na betri nne kubwa. Vifaa vimebadilika, lakini kidole ni kilekile.

Wazee wale walikuwa askari wa keya, yaani King's African Rifles, waliopigana Vita vya Pili vya Dunia. Mmoja alikuwa sajini, wawili koplo, mmoja dereva wa lori, mmoja mpishi, na wawili askari wa kawaida. Nitawaita kwa vyeo vyao, maana ndivyo walivyoitana wenyewe mpaka wa mwisho wao alipoingia kaburini. Walikutana kila Jumamosi, siku ya soko, wakati ambapo hakuna aliyehitaji kueleza nyumbani kwa nini anakwenda mjini. Wawili walitoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Holili na Himo. Tanzania ilipofunga mpaka Februari 1977, wawili hao walikatika na wenzao hadi Novemba 1983. Miaka yote ile walishikana kwa redio. Walinunua kadi za salamu, wakaandika majina ya wenzao kwa mpangilio wa vyeo, wakazituma, kisha wakakaa karibu na redio kungoja mtangazaji azisome. Mpishi aliniambia kuna salamu iliyomfikia baada ya miezi minne, na kwamba siku ile hakula chakula cha mchana kwa furaha. Nikikumbuka watu waliokuwa tayari kungoja miezi minne kusikia jina lao likitajwa, naona ningepaswa kuelewa mapema majina yalikuwa na uzito gani kwao.

Nilikuwa na miaka 23, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi, na nilipenda historia. Mwaka ule ulikuwa wa 75 tangu Wajerumani walipouteka mji wetu, tarehe 15 Agosti 1914. Hapa kwetu Vita vya Kwanza vya Dunia havihitaji kitabu. Ukitoka mjini kuelekea Voi unakiona kilima cha Salaita, ambako majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalirudishwa nyuma tarehe 12 Februari 1916. Ukigeuka upande wa pili unaviona vilima vya Latema na Reata, ambako walipigana usiku mzima mwezi uliofuata. Hata reli iliyopita nyuma ya mwembe wetu ililetwa na vita hivyo. Ilianza kujengwa kutoka Voi mwaka 1915 ili ibebe maji, risasi na askari. Mimi nilitaka kwenda mbele zaidi. Nilitaka Burma, walikopigana wazee hawa. Nilitaka kunasa sauti za watu waliokuwapo kabla hazijapotea, na Sajini alipokubali, nilitumia sehemu kubwa ya mshahara wangu kununua rekoda kuukuu na kaseti sita.

Mkutano wao ulikuwa na taratibu zake. Kwanza chai. Kisha Sajini alivua kofia, wote wakasimama, wenye magoti mabovu wakishikilia shina la mwembe. Sajini akasema, "Tuanze na baba zetu." Halafu akataja jina la mtu, mwana wa nani, kijiji chake, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Voi. Maktau. Kahe. Rufiji. Baada ya kila mmoja, wote saba waliitikia kwa pamoja neno moja: "Hajarudi." Kisha jina lingine. "Hajarudi." Ilichukua robo saa hivi. Baada ya hapo ndipo walitaja wenzao waliokufa Burma, kwa haraka zaidi, kisha wakakaa.

Baba zao, yaani baba waliowazaa, baba wakubwa na baba wadogo, ndio waliochukuliwa kuwa wapagazi wa vita vya kwanza. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilimpa ofisa wake John Ainsworth kazi ya kukusanya watu wa kubebea jeshi mizigo, na watu wakasombwa kwa maelfu kutoka wilaya zote. Kikosi kile kiliitwa Carrier Corps. Ndimi za watu wetu zikakigeuza Kariakoo, na jina hilo limebaki Dar es Salaam, na kwa namna yake limebaki Nairobi pia, Kariokor. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya mapafu, njaa na uchovu, wamebeba magunia ya unga na masanduku ya risasi kufuata jeshi lililokuwa likimfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, kuelekea kusini. Walianguka kando ya njia. Wengi hawakuwekewa jiwe wala kibao.

Wazee wangu walikuwa watoto wachanga wakati huo, wengine hawajazaliwa. Majina waliyapokea kwa mama zao. Walipokuwa keya, mbali na nyumbani, walianza kuyataja usiku, na waliporudi hawakuacha.

Jumamosi ya kwanza nilinasa yote. Ndivyo nilivyodhani. Nilipofika nyumbani nikasikiliza, nikaona upande mmoja wa kaseti umeliwa nusu na majina ya watu nisiowajua. Dakika 15 za "hajarudi". Nikapiga hesabu. Nikiendelea hivyo, kaseti sita zitakwisha kabla ya kufika Kalewa, kule Burma. Jumatatu yake nikafuta kipande kile kwa kurekodi juu yake. Nayo naihesabu kuwa mara ya kwanza kati ya zile 11. Kuanzia Jumamosi ya pili nilibonyeza kitufe Sajini alipovua kofia, nikakibonyeza tena walipokaa.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Rekoda niliiacha pale pale juu ya kigoda, imewaelekea. Hawakujua kuwa imezimwa. Kitufe cha kurekodi kilitoa mlio mdogo tu, na masikio yao yalikuwa yamechoka na mizinga ya zamani. Mwisho wa Jumamosi ya tano au ya sita, Koplo mmoja, yule mrefu, aliweka kiganja juu ya rekoda kama unavyomwekea mtoto kichwani, akasema, "Sasa hata tukifa, yapo."

Nilitikisa kichwa kukubali.

Koplo huyo huyo ndiye niliyewahi kumsahihisha. Nilimwambia, kwa heshima yote ya mwalimu kijana, "Babu, mtu aliyekufa mwaka 1917 tunasema hakurudi. Hajarudi ni kwa mtu ambaye bado anatarajiwa." Aliniangalia kwa muda. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulimzika?" Nikasema, "La, babu." Akasema, "Basi hajarudi." Nilidhani ni ubishi wa uzee. Katika daftari langu la maelezo niliandika "hakurudi" kila mahali.

Nilichonasa kilikuwa kizuri, sitaki kukidharau. Sajini anasimulia jinsi Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha kifaru, ilivyoingia Burma katikati ya masika ya huko. Anasema mji wa kwanza uliitwa Tamu, na kwamba walipousikia walicheka, lakini walipoingia Agosti 1944 walikuta maiti za Wajapani hata ndani ya nyumba, na hakuna aliyecheka tena. Dereva anasimulia bonde la Kabaw, tope mpaka magotini, lori likivutwa kwa kamba na watu thelathini kwa nusu siku kwenda umbali wa kutoka sokoni hadi mtoni. Mpishi anasimulia chakula kilivyoshuka kutoka angani kwa miavuli, na jinsi alivyojifunza kuhesabu miavuli ikiwa bado juu, ili ajue kama kombania yake italala imeshiba. Koplo wa pili anasimulia meli ya Khedive Ismail, iliyoondoka Kilindini ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944, na watu 1,297 wakafa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wote wanasimulia daraja la chuma la mita kama 350 lililotandazwa juu ya mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba, na jinsi walivyolivuka wakiwa wamekonda hata kofia zinawapwaya.

Haya yote unaweza kuyapata kwingine. Yameandikwa na majenerali, na wanahistoria, na maofisa waliokuwa na kalamu na muda. Urefu wa daraja la Chindwin unajulikana. Idadi ya waliozama na Khedive Ismail inajulikana. Nilitumia kaseti zangu sita kuhifadhi kilichokuwa kimehifadhiwa tayari, nikatupa kile ambacho duniani kote kilikuwa katika vichwa vya wazee saba tu.

Wa mwisho wao alifariki mwaka 2003. Kaseti niliziweka ndani ya bati la biskuti, juu ya kabati. Niliwahi kujisifu kwazo mbele ya wageni.

Aprili 2021 nilikuwa nimestaafu. Nilisoma kwenye simu kwamba Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imetoa ripoti ya kamati maalumu. Ripoti ilikiri kwamba baada ya Vita vya Kwanza, watu kati ya 45,000 na 54,000 wa Afrika, Asia na Mashariki ya Kati walikumbukwa kwa namna isiyolingana na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao wa mwisho walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Nilisoma nikakasirika. Nilifikiria makaburi ya kijeshi yaliyopo hapa mjini, mawe yamepangwa mistari, kila jiwe lina jina, kikosi na tarehe. Nikasema moyoni, hawa Waingereza waliwezaje kuandika majina ya hawa wakaacha ya wale? Niliwasema kwa wiki nzima, sokoni na msikitini, kwa kila aliyenisikiliza.

Kisha akaja mjukuu wa Koplo mrefu. Mwanamke wa makamo, anafanya kazi Voi, amekuja kwa matatu ya asubuhi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikunywa maji, akaniambia kilichomleta. Familia yao ilikuwa imesikia habari za ripoti ile. Walitaka kujua mkubwa wao aliyechukuliwa upagazi alipotelea wapi, ile sehemu ambayo babu yake alikuwa akiitaja kila Jumamosi. "Babu hakutufundisha," alisema. "Tulipomwuliza alikuwa akisema, msijisumbue, mwalimu anayo kwenye kaseti."

Hata wakati ule sikuelewa mara moja. Nilisema, "Ninayo," nikapanda juu ya kiti nikashusha bati. Nadhani kwa miaka ile yote kujisifu kwangu kulikuwa kumenifunika kumbukumbu. Tulikwenda pamoja kwa fundi wa redio sokoni, akatuazima mashine. Utepe wa kaseti ya kwanza ulikuwa umelegea, nikaukaza kwa penseli. Tukabonyeza.

Kikombe kinawekwa mezani. Jogoo anawika. Mtu anakohoa, namtambua, ni Mpishi. Viatu vinakwaruza chini, wanasimama. Sauti ya Sajini, safi kama yuko nasi: "Tuanze na baba..." Halafu mlio mdogo. Halafu sauti yangu mimi, changa, ya mtu mwenye haraka: "Haya wazee wangu, tuendelee na Burma."

Mwanamke yule aliniangalia. Akasema, "Rudisha nyuma, labda imeruka." Nilirudisha. Haikuwa imeruka. Kaseti ya pili, mlio. Ya tatu, mlio. Fundi aliacha kazi yake akasogea. Nilipofika ya nne nilikuwa najua, lakini niliendelea kuweka moja baada ya nyingine, kwa sababu kuacha kungenilazimu kusema kwa mdomo wangu.

Katika kaseti ya tano nilichelewa kuzima. Sijui kwa nini, labda kidole kilikuwa na chai. Jina moja lilipita. Jina la mtu, mwana wa mtu, kijiji cha huku kwetu, na Sajini akasema, "Alionekana mara ya mwisho Rufiji." Sauti saba zikaitikia, "Hajarudi." Kisha mlio.

Halikuwa jina la mkubwa wake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba tulirudie, na mara ya pili aliitikia pamoja nao, polepole, kama mtu anayejibu salamu.

Nilimwambia pale pale, mbele ya fundi. Nilisema, "Mashine haikuharibika. Mimi nilizima. Nilizima makusudi, kuokoa utepe." Hakunitukana. Aliuliza tu, "Babu alijua?" Nikasema, "Hapana." Akachukua mkoba wake akaenda kuwahi gari la Voi.

Kipande kile kimoja nimekipima. Jina, ukoo, kijiji, mahali na kiitikio ni sekunde tisa. Robo saa ina sekunde 900. Kwa hesabu hiyo wazee walikuwa wakitaja watu kama 100. Nimejaribu kuyavuta kichwani majina niliyoyasikia Jumamosi 11. Nimepata tisa. Katika hayo tisa, mawili sina hakika nayo, na mahali walipoonekana mara ya mwisho nakumbuka pa watatu tu. Ukiongeza lile la kwenye kaseti, ni kumi. Mkubwa wa familia ya Koplo, jina lake lipo kwao, lakini kama alianguka Maktau au Kahe au Rufiji, hakuna mtu hai anayejua. Koplo alijua. Hakupataja nyumbani kwa sababu alikwisha kunikabidhi mimi.

Nimejiuliza nilikosea wapi hasa. Betri zilikuwa ghali, ni kweli, na kaseti zilikuwa chache. Lakini wanafunzi wangu walikuwa na madaftari na kalamu za senti chache, na mimi nilijua kuandika. Ningeweza kuyaandika majina yote 100 kwa asubuhi moja. Sikuyaandika kwa sababu niliyaona ni marudio. Nilidhani mzee anaporudia jambo ni uzee, na kwamba habari yenyewe inaanza akishamaliza kurudia. Sasa najua kwamba wale wazee walirudia lile ambalo hawakuwa na njia nyingine ya kulitunza. Ya Burma walisimulia kila mmoja kwa namna yake, wakibishana, wakibadilisha, maana walikuwapo na hawakuogopa kuyasahau. Majina waliyataja kwa maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, kwa sababu hayakuwa yao. Walikuwa wameyabeba tu.

Kama unamnasa mzee wako sauti, na anaanza kwa kutaja ukoo, au anasalimia majirani wote waliokufa, au anarudia yale uliyoyasikia mwezi uliopita, usiguse simu. Na kama umekata, mwambie umekata. Angalau hilo lilikuwa katika uwezo wangu, na pengine lingetosha. Koplo angekwenda nyumbani akawafundisha wajukuu.

Nimenunua daftari la kurasa 100. Nimeandika namba 1 hadi 100 ukingoni, nafasi ya jina, mwana wa nani, kijiji, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Kumi za mwanzo nimezijaza, na kwenye zile mbili nisizo na hakika nazo nimeweka alama. Juu ya ukurasa wa kwanza nimeandika neno walilolitumia wazee, kama walivyolitamka.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja kutoka ng'ambo, upande wa Himo, mtoto wa mmoja wa wale wawili waliokuwa wakituma kadi za salamu. Alikuwa amesikia habari za daftari. Alikumbuka jina moja ambalo baba yake alipenda kulitaja akiwa peke yake shambani, pamoja na mahali: Kahe. Nililiandika mbele yake, nikamsomea alivyosema, akathibitisha.

Hilo ni la 11. Namba 12 iko wazi.